Mtego wa Jedwali Kuu

Hapo zamani za juzi juzi palikuwa na nchi moja isiyo na jina. Si kwamba haikuwahi kuwa nalo. Ilikuwa nalo, tena zuri tu, ila serikali iliamua kulibadilisha, na badiliko hilo likakwama kwenye foleni ya kompyuta. Jina la zamani likafungiwa lisitumiwe na mtu mpaka jipya lipite, na jipya halijapita mpaka leo. Kwa hiyo wananchi wa nchi ile wakiulizwa wanatoka wapi hunyoosha kidole chini.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Jedwali Kuu. Rais alikuwepo, alikuwa na gari na king'ora, lakini Jedwali ndilo lililotawala. Liliishi ndani ya mashine kubwa kama bweni, ghorofa ya juu kabisa ya Jumba la Kumbukumbu, na humo kila raia alikuwa na mstari wake: jina lake, kazi yake, kama yu hai au ni marehemu, viboko alivyochapwa na viboko anavyodaiwa. Juu ya mlango wa Jumba ilichongwa sheria ya kwanza ya nchi: KISICHOMO KWENYE JEDWALI HAKIKUTENDEKA. Ilikuwa sheria ya amani sana. Polisi walivunja mbavu za watu mchana kweupe, na kama karani alikuwa amekwenda kula, basi mbavu hazikuvunjika.

Aliyelitunza Jedwali ni Zawena, mkuu wa mafundi, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye miwani yake iliungwa kwa gundi pale inapokaa puani. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Kisuda, kinyozi, ambaye alimlea tangu wazazi wao walipochapwa kimakosa kwenye gwaride la Siku ya Utulivu wakafa. Kisuda alikuwa na maradhi mabaya kuliko yote katika nchi ile: alikuwa mwepesi wa kucheka. Kicheko kikimshika hakina breki. Zawena alizoea kumfunga kitambaa mdomoni wakienda kwenye mikutano ya hadhara, na mtu akiuliza, humjibu kuwa kaka anaumwa jino.

*

Balaa lilianza kwa Waziri wa Ukweli, Mheshimiwa Gwandumi. Asubuhi moja mtu asiyejulikana aliingia kwenye Jedwali akabadilisha neno moja kwenye mstari wa Waziri. Palipoandikwa "yu hai" akaandika "marehemu." Mheshimiwa alitoka kufanya mazoezi ya viungo, na aliporudi walinzi wake wakatazama kioo cha mashine getini, wakamtazama na yeye.

"Hapa hatufungulii mizuka," mlinzi mmoja alisema kwa adabu.

Wakamshushia virungu. Walimvunja mtulinga wa bega, wakamtoa meno mawili ya mbele, na mkewe, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa nguo za eda, akawaelekeza kutoka dirishani kwamba mzuka hupigwa magotini ndipo husalimu amri. Jioni kosa liligunduliwa na Waziri akafufuliwa rasmi. Walinzi wale walipandishwa cheo kwa kulitii Jedwali, wakavishwa nishani, kisha wakapigwa risasi kwa kumpiga Waziri. Mazishi yao yalifana.

Kesho yake Mheshimiwa Gwandumi, mkono ukiwa shingoni kwa bandeji, alimwita Zawena.

"Nataka mtego," alisema, na kila herufi ya "t" ilipulizia upepo kwenye pengo. "Mtu akigusa mstari wowote wa Jedwali, mtego umnase hapo hapo. Uandike ni nani, ameukuta mstari vipi, ameuacha vipi, na saa ngapi."

"Inawezekana, Mheshimiwa. Mtego utaandika kwenye jedwali la pili. Tendo lenyewe na maandishi ya mtego vitapita pamoja. Kimoja kikishindwa, vyote vinafutwa, inakuwa kana kwamba hakuna kilichotokea."

"Safi kabisa. Na hilo jedwali la pili, nani analichunga?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Ni mashine tu."

"Mashine ndiyo iliyoniua mimi!" Waziri alipiga meza kwa mkono mbovu akapiga yowe. Alipopata pumzi aliendelea. "Weka mtego kwenye jedwali la pili. Uandike kwenye la tatu. La tatu nalo uliwekee mtego, uandike kwenye la nne. La nne uliwekee mtego unaomnasa yeyote atakayegusa mitego."

Zawena alijua kitakachotokea. Alisema, tena alisema vizuri, kwamba tendo moja dogo sasa litazaa maandishi juu ya maandishi, kwamba majedwali ya mitego yatanenepa kuliko Jedwali lenyewe, na kwamba kila tendo litasimama kusubiri mitego yake imalize kuandika. "Itakuwa nzito sana, Mheshimiwa," alimaliza.

"Kitu chenye heshima sharti kiwe kizito. Nitazame mimi." Na kweli Mheshimiwa alikuwa amekijaza kiti. "Ila sipendi uzembe. Tendo lolote la humu Jumbani lisilokamilika kwa dakika kumi, lifutwe lote."

Zawena akaenda akaitega mitego, mmoja baada ya mwingine, kwa usafi na ufundi mkubwa. Aliitega kwa sababu aliambiwa, na kwa sababu alipewa nyumba yenye maji ya bomba, na kwa sababu mtu akizoea kutii mikono humtangulia. Waziri alimpa nishani. Aliichomeka kwa nguvu hadi pini ikazama kwenye nyama, na picha ya gazetini inamwonyesha Zawena akitabasamu kwa meno yote.

*

Mwanzoni hakuna aliyeona tofauti. Halafu matendo yakaanza kukawia.

Yalikawia kwenye maandamano ya wanawake wa sokoni. Polisi waliinua virungu, na kwa kuwa kila pigo sasa lilitakiwa kupita kwenye Jedwali kwanza, walisimama vile vile, mikono juu, wakisubiri. Bi Sikitu, muuza vitumbua, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, alipita katikati yao akiwauzia. Aliyekuwa hawezi kushusha mkono alilishwa. Wanawake waliandamana, wakamaliza, wakarudi makwao kupika. Ndipo ruhusa ya mapigo ilipofika, yote kwa mkupuo, na virungu mia vikashuka kwa pamoja juu ya bendi ya shule ya watawa iliyokuwa ikipita na tarumbeta. Serikali ilitangaza kuwa maandamano yamezimwa kwa mafanikio.

Yalikawia mpakani. Jirani alivamia alfajiri, na askari wetu hodari wakafyatua bunduki zao, lakini kila risasi ilibidi iandikwe ilivyokuwa kabla na itakavyokuwa baada. Walikatwa mapanga wakiwa wamelenga shabaha. Usiku adui alipokuwa amelala, bunduki za marehemu zikaruhusiwa, zikalia zenyewe, zikaua mbuzi wa kijiji kizima. Na kwa kuwa vifo navyo vilikwama kwenye foleni, Waziri alitangaza redioni kwamba hatukupoteza askari hata mmoja. Maiti walikaa kambini wakihesabiwa kila asubuhi. Mmoja wao, ambaye hakuwahi kuchelewa gwaride, alipandishwa kuwa koplo.

Zawena aliyasikia haya yote, akarudi nyumbani akanywa chai. Kisuda aliyasikia akacheka mpaka akakaa chini.

"Utaniua wewe kwa kicheko chako," Zawena alimwambia.

"Dada, mbona virungu vimeganda hewani! Hata ungebakiwa na jino moja ungecheka."

*

Siku ya Utulivu ikafika. Mheshimiwa Gwandumi alipanda jukwaani, na maneno yake, kwa kuwa ni maneno ya serikali, nayo yalipitia kwenye Jedwali moja moja kabla ya kutoka kwenye spika. Alisema, "Ndugu wananchi." Akabaki mdomo wazi. Umati ulisubiri. Nzi mmoja wa kijani alitua kwenye mdomo wa chini wa Mheshimiwa, akatazama huku na huku, akaingia kwa kupitia pengo. Hakutoka. Spika zikasema, "Leo."

Kisuda hakuwa amefungwa kitambaa siku hiyo.

Hukumu ilikuwa viboko kumi na viwili, kesho yake, uani kwa Jumba la Kumbukumbu, chini kabisa ya dirisha la ofisi ya Zawena. Dada mtu alilala akijifariji. Kumi na viwili si vingi, alijiambia. Kijana mwenye afya hulala kifudifudi wiki moja akaamka. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: vihesabiwe, viishe, amchukue mdogo wake waende nyumbani.

Uani palikuwa na benchi la kufungia watu, na foleni ya wahukumiwa wengine na jamaa zao, Bi Sikitu miongoni mwao akisubiri viboko vyake vya maandamano. Karani Shomvi, kijana mwembamba wa idara ya Zawena, alikaa na kioo chake mezani. Mchapaji alikuwa Sajini Matungwa, mtu mkubwa, mpole wa kuongea, anayependa kuwaeleza watu habari za bega lake linalomsumbua.

"Dada, usinitazame hivyo," Kisuda alisema akifungwa. "Wateja wangu wamekula ishirini na wanacheza mpira."

Kiboko cha kwanza kilipasua shati. Shomvi akaandika, akasubiri. Mitego minne ikaandika. "Endelea, afande." Cha pili kilipasua ngozi. Shomvi akasubiri zaidi. Kufika cha saba, Kisuda alikuwa ameuma ubao wa benchi na damu inashuka kiunoni, na kioo kikawaka chekundu.

"Limefutwa," Shomvi alisema. "Dakika zimepita."

"Limefutwa lipi?" Sajini aliuliza.

"Tendo lote, afande. Vyote saba. Jedwali linasema sifuri."

Sajini Matungwa alikitazama kiboko chake, kimelowa. Akautazama mgongo wa Kisuda. "Lakini mimi nimechapa."

"Hujachapa, afande. Sheria iko pale mlangoni."

"Hebu liulizeni na shati langu," Kisuda alisema kwa sauti ya chini, na kwa namna ya kutisha akacheka kidogo. Zawena alijua vizuri kuliko mtu yeyote uani pale kwamba mashine haikukosea. Ilifanya sawasawa na alivyoiagiza.

Wakaanza upya, cha kwanza. Mara hii hawakufika hata cha sita.

*

Zawena alipanda ngazi mbio mpaka kwa Waziri.

"Mheshimiwa, naomba mitego iondolewe kwa saa moja tu. Hata nusu saa. Pale uani mtu anachapwa na hesabu haiendi mbele. Wanamrudia kutoka mwanzo."

"Ndugu yako."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mdogo wangu."

Waziri aliinuka ili ahutubie, ingawa chumbani walikuwa wawili tu. "Binti, taifa ni nini? Taifa ni kumbukumbu! Mnyama hula mwenzake na haandiki. Sisi tunaandika! Unataka turudi porini, watu wachapwe ovyo ovyo pasipo ushahidi? Mimi nilikufa katika nchi hii na hakuna aliyejua ni nani aliyeniua! Sikiliza, nitakusaidia. Weka mtego wa tano, uandike kwa nini mitego minne inachelewa."

Dirishani, kutoka chini, sauti ya kiboko ilikuja, ikafuatwa na kimya kirefu, ikaja tena.

Zawena hakubishana. Alikwenda chumba cha mashine, akakaa kwenye kiti chake, akatoa amri ya kuiondoa mitego yote.  Kioo kikajibu: tendo limepokelewa, linasubiri mtego. Ulikuwa ule wa nne, wa kumnasa anayegusa mitego. Aliutega yeye mwenyewe, kwa usafi na ufundi mkubwa, na sasa ulikaa mwisho wa foleni nyuma ya virungu, nyuma ya risasi, nyuma ya maiti wa mpakani na jina la nchi. Alisubiri. Chini kiboko kililia. Alisubiri, akiomba kwa majina yote ya Mungu aliyofundishwa utotoni. Kisha kioo kikawaka chekundu. Dakika zilikuwa zimepita. Tendo la kuondoa mitego lilikuwa limefutwa kwa sababu ya mitego.

Akalirudia. Likafutwa. Na wakati huu kimya cha uani kilikuwa kirefu kuliko vyote, na Kisuda, ambaye mwanzoni alikuwa analia na kutukana, hakusikika tena.

Ukutani, kwenye sanduku la kioo, kulikuwa na shoka la zimamoto. Zawena alilivunja sanduku kwa kiwiko. Nyaya za umeme za mashine zilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, na alizipiga kama mtu anayeua nyoka ndani ya nyumba yenye mtoto, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka cheche zilipomuunguza nyusi na miwani ikaanguka. Mashine ikashusha pumzi ndefu. Taa zake zikazima kwa safu, kutoka juu hadi chini.

*

Alishuka uani na shoka mkononi. Sajini Matungwa alikuwa amesimama, kiboko kinaning'inia.

"Mashine imezima," Shomvi alimwambia Zawena, kana kwamba yeye hajui.

Nyuma yake Waziri alikuja akihema, vifungo vya koti vimemruka. "Nani amezima? Nani? Sajini, chapa! Chapa hivyo hivyo, mashine ikiwaka tutaandika!"

Zawena aliwageukia wale waliokuwa kwenye foleni. Hakuwahi kuhutubia maishani mwake na hakupaza sauti. "Jedwali limezima," alisema. "Kuanzia sasa, mpaka liwake, hakuna kinachotendeka."

 Wananchi wa nchi ile walikuwa watiifu kwa sheria, hilo hakuna anayeweza kuwanyima, na walihitaji muda wa kuielewa sheria hii vizuri. Bi Sikitu ndiye aliyeielewa kwanza. Aliweka chini beseni lake, akalichukua karai la chuma la kukaangia, akatembea taratibu mpaka kwa Mheshimiwa Gwandumi, akampiga nalo usoni.

Waziri alikaa chini. Alishika pua ambayo haikuwa tena mahali pake. "Andika!" alimwambia karani. "Andika, huyu mwanamke!"

Shomvi alikitazama kioo chake cheusi. "Siwezi, Mheshimiwa. Hupigwi."

Ndipo wakamwendea wote. Walimpiga kwa viatu, kwa mawe ya bustani ya maua, kwa miguu ya meza ya karani, na wenye viboko vya kudaiwa walivilipa juu yake. Kila alipolia, "Nakufa!" kulikuwa na mtu wa kumtuliza kwamba hafi, asiwe na wasiwasi. Jino moja lilirukia mpaka kwenye beseni la vitumbua. Sajini Matungwa alitazama kidogo, akauliza kama ni kweli haihesabiki, akaambiwa ndiyo, akasogea na yeye, na hakuna aliyemsikia akilitaja bega lake. Walipochoka, kilichobaki chini hakikuwa na cheo.

Zawena hakuyaona haya. Alikuwa amepiga magoti kwenye benchi akikata kamba kwa shoka, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Kisuda alikuwa wa moto bado. Ubao ulikuwa na alama za meno yake. Zawena alimgeuza, akamfuta damu mdomoni kwa upindo wa gauni, akasubiri avute pumzi, akasubiri tena. Uani watu walikuwa wanashangilia.

*

Mafundi waliunga nyaya. Jedwali liliwaka kesho yake likiwa salama kabisa, maana yote yaliyokuwa hayajakamilika lilikuwa limeyafuta. Mheshimiwa Gwandumi yu hai, ni Waziri wa Ukweli mpaka leo, na kwa kuwa hahutubii tena anasifiwa kuwa waziri bora kuliko wote. Sajini Matungwa hukaa pembeni ya kiti chake kitupu na kupokea maagizo yake. La kwanza lilikuwa mtego wa tano. Zawena hakushtakiwa kwa shoka, kwa sababu hakuna shoka lililopiga. Aliutega mtego huo.

Kisuda alizikwa nyuma ya saluni yake pasipo kibali, kwani aliye hai hapewi kibali cha kuzikwa. Kila Jumatatu hati ya wito hufika nyumbani: raia Kisuda afike uani, anadaiwa viboko kumi na viwili. Zawena huisoma, huikunja, humwambia askari kwamba kaka anaumwa jino.

Siku moja Shomvi alimfuata ofisini, akafunga mlango. "Dada Zawena, leo asubuhi mashine ni nyepesi. Nikiingiza kifo cha Kisuda sasa hivi kitapita. Wito utakoma, utapumzika."

Zawena alivuta kioo karibu, akautafuta mstari. Kisuda. Kinyozi. Yu hai. Viboko alivyochapwa: sifuri.

"Uache," alisema. "Usiuguse."